InnoDB Ikigoma Kuwaka: Mwongozo kwa Anayeshika Seva

Seva ya MySQL au MariaDB ikigoma kuwaka, wengi huiwasha tena. Ikigoma tena huiwasha mara ya tatu, kisha huingia mtandaoni na kukuta mtu kaandika "futa ibdata1". Wanafuta, seva inawaka, wanashusha pumzi. Halafu mfumo unafunguliwa na kila jedwali linaonekana kwa jina tu. Ukiligusa unaambiwa halipo. Ada za wanafunzi, madeni ya wateja wa duka la dawa, akiba za wanachama wa SACCOS, vyote vilikuwa bado vinaokoleka kirahisi mpaka lile faili lilipofutwa. Hasara hii huwapata hata watu makini, na inauma kwa sababu mara nyingi ilikuwa inazuilika.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeshika seva ya namna hiyo, iwe Linux ya kukodi huko nje au XAMPP kwenye kompyuta ya kaunta. Nazungumzia InnoDB kwa sababu ndiyo injini inayobeba data za wengi wetu. Iliandikwa na Heikki Tuuri wa Finland. Kampuni yake, Innobase, ilinunuliwa na Oracle mwaka 2005, na tangu MySQL 5.5 iliyotoka mwaka 2010 ndiyo injini ya msingi ya seva hiyo. Mwaka huo 2010 una maana kwako hata leo. Kabla yake, InnoDB ikishindwa kuwaka, seva iliendelea na injini nyingine, MyISAM, ukakuta majedwali ya InnoDB pekee ndiyo hayafunguki. Siku hizi InnoDB ikishindwa, seva nzima inalala. Sehemu kubwa ya ushauri unaozunguka intaneti iliandikwa kwa ajili ya zile seva za zamani, na baadhi yake, ukiutumia kwenye seva ya leo, unaua data.

Zima, kisha nakili

Anza kwa kuhakikisha seva imezimika kweli. Kwenye Linux, systemd inaweza kuwa inairudisha kila inapoanguka, nawe hujui kwamba imeshajaribu kuandika kwenye mafaili yaleyale mara nyingi tangu asubuhi. Toa amri `systemctl stop mysql`, au `mariadb` au `mysqld` kulingana na jina la huduma kwenye mashine yako, kisha hakikisha kwa `ps aux | grep -E 'mysqld|mariadbd'` kwamba hakuna iliyobaki.

Sasa nakili folda yote ya data:

`cp -a /var/lib/mysql /mnt/nje/mysql-nakala`

Ile `-a` inatunza mwenye faili na ruhusa zake. Kwa XAMPP, nakili `C:\xampp\mysql\data` yote iende kwenye diski ya nje. Nasema yote nikimaanisha yote. Kuna mafundi hunakili folda yenye jina la hifadhidata yao tu, wakidhani data yote imo mle. Mafaili ya `.ibd` yamo kweli, lakini InnoDB huyasoma pamoja na `ibdata1`, pamoja na `ib_logfile0` (au folda ya `#innodb_redo` kuanzia MySQL 8.0.30), na kwenye MySQL 8 pamoja na `undo_001`, `undo_002` na `mysql.ibd` lenye orodha ya majedwali yenyewe. Ukichukua kimoja ukaacha vingine, umechukua vipande.

Kama kunakili kwenyewe kunakwama na `dmesg` inaonyesha makosa ya kusoma diski, tatizo lako limehama. Diski inakufa. Acha kila kitu, ihamishe data kwenye diski nyingine kwa `ddrescue`, na kazi yote iliyobaki ifanyie huko.

Najua mwenye duka atakuwa amesimama nyuma yako akiuliza mfumo utarudi lini. Mwambie unanakili data kwanza. Hakuna hatua nyingine katika mwongozo huu inayoweza kukurudishia ulichokiharibu kwa bahati mbaya.

Soma logi kuanzia juu

Kwenye Ubuntu na Debian, logi ya MySQL iko `/var/log/mysql/error.log`. Kwenye jamii ya Red Hat ni `/var/log/mysqld.log`. MariaDB mara nyingi huandika kwa systemd, hivyo utaisoma kwa `journalctl -u mariadb`. XAMPP inayo `mysql_error.log` ndani ya folda ya data.

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanasoma mstari wa mwisho, wanaunakili, wanautafuta mtandaoni. Tazama mfano huu:

`[ERROR] InnoDB: Operating system error number 13 in a file operation.`
`[ERROR] Plugin 'InnoDB' init function returned error.`
`[ERROR] Plugin 'InnoDB' registration as a STORAGE ENGINE failed.`
`[ERROR] Unknown/unsupported storage engine: InnoDB`
`[ERROR] Aborting`

Mistari minne ya chini ni matokeo tu. InnoDB imeshindwa, kwa hiyo haikusajiliwa. Haikusajiliwa, kwa hiyo seva haiitambui. Haiitambui, kwa hiyo inajizima. Mistari hiyo, au inayofanana nayo, utaikuta hata kama sababu ni diski kujaa, ruhusa, RAM au kurasa zilizoharibika. Ukiutafuta ule unaosema injini haijulikani, utapata majibu mia ya matatizo mia, na utayajaribu yote. Sababu yenyewe iko mstari wa kwanza: kosa namba 13 la mfumo endeshi. Andika `perror 13` na utaambiwa ni kunyimwa ruhusa. Kwa hiyo tafuta mahali ambapo jaribio la mwisho la kuwasha limeanzia, kisha shuka taratibu mpaka ukutane na `[ERROR]` ya kwanza. Hiyo ndiyo ya kufanyia kazi.

Jambo moja la kuangalia ukiwa kwetu Afrika Mashariki: tangu MySQL 5.7, saa ndani ya logi huandikwa kwa UTC isipokuwa uwe umebadilisha `log_timestamps`. Tuko saa tatu mbele. Seva iliyoanguka Dodoma au Mombasa saa nne asubuhi itaonekana kwenye logi imeanguka 07:00, na fundi asiyejua hili hupita juu ya mistari anayoitafuta akidhani ni ya mapema mno. MariaDB huandika saa ya hapohapo ulipo.

Sababu nyepesi

Kabla hujafikiria data kuharibika, ondoa haya ya kawaida. Mara nyingi safari huishia hapa.

Kosa namba 28 ni diski kujaa. Hakikisha kwa `df -h`, na pia `df -i` kwa sababu diski inaweza kuwa na nafasi lakini ikawa imemaliza idadi ya mafaili inayoruhusu. Kinachojaza mara nyingi ni logi za binari, ambazo MySQL 8 huziweka siku 30 usipoiambia vinginevyo. Usizifute kwa mkono. Tafuta nafasi kwingine kwanza: punguza logi za mfumo kwa `journalctl --vacuum-size=200M`, safisha vifurushi vya zamani kwa `apt clean`, hamisha ripoti na picha za zamani. Seva ikiwaka, ndipo uiamuru yenyewe kwa `PURGE BINARY LOGS`. Na kamwe usitafute nafasi kwa kufuta faili lolote linaloanza na `ib`.

Kosa namba 13 ni ruhusa, na huja hasa baada ya mtu kurudisha bekapu akiwa root. Mafaili yanakuwa ya root, seva inakimbia kama mtumiaji mysql, haiwezi kuyagusa. Dawa ni `chown -R mysql:mysql /var/lib/mysql`. Ikiwa ruhusa ziko sawa na kosa bado lipo, jiulize kama folda ya data ilihamishwa kwenda diski nyingine. Ubuntu ina AppArmor na Red Hat ina SELinux, na zote mbili zinaweza kuizuia seva kusoma folda isiyo ya kawaida yake hata kama `ls -l` inaonyesha kila kitu kiko vizuri. Kwa AppArmor ongeza njia mpya kwenye mipangilio yake. Kwa SELinux ipe folda lebo ya `mysqld_db_t` kwa `semanage fcontext`, kisha `restorecon -Rv`. Tafadhali usizime ulinzi wote ili seva moja iwake.

Kosa namba 11 pamoja na maneno kwamba `ibdata1` haiwezi kufungwa maana yake kuna seva nyingine imeshaishika folda hiyo. Huenda ile ya zamani haijamaliza kuzima. Iache imalize. Kwenye Windows ndugu yake ni kosa namba 32, na mara nyingi mhusika ni programu ya kuzuia virusi au ya bekapu inayosoma folda ya data. Itoe folda hiyo kwenye orodha ya vinavyokaguliwa.

RAM nayo ina visa vyake. Mtu anasoma kwamba `innodb_buffer_pool_size` ikiwa kubwa mfumo unakuwa mwepesi, anaiweka gigabaiti 4 kwenye seva ya kukodi yenye gigabaiti 2. InnoDB inaweza kukataa kuwaka, au inawaka kisha Linux inaiua RAM inapoisha. Katika hali ya pili logi ya MySQL haitakuambia kitu, maana aliyeuawa hakupata muda wa kuandika. Tafuta kwenye `journalctl -k`. Rudisha thamani ndogo. Ya kuanzia ya MySQL ni megabaiti 128 na inatosha kuwasha.

Toleo jipya, folda ya zamani

Kuna kugoma kunakotokana na kubadilisha toleo. MySQL 8 haikubali kurudishwa kwenye 5.7: folda ikishaguswa na 8, seva ya 5.7 haiisomi tena. MariaDB na MySQL, ingawa zilitoka shina moja, hazibadilishani folda za data siku hizi. Anayetaka kuhama kati yao ahame kwa `mysqldump`.

Ukikuta ujumbe kwamba kupandisha toleo baada ya seva kuzimika ghafla hakuruhusiwi, usihangaike na toleo jipya. Rudisha lile la zamani juu ya nakala yako, liwashe, toa `SET GLOBAL innodb_fast_shutdown=0`, lizime kwa utaratibu na ulipe muda wake. Baada ya hapo pandisha.

Na aliyehamisha folda kutoka Windows kwenda Linux atakutana na `lower_case_table_names`. MySQL 8 inataka thamani hiyo ibaki ileile iliyokuwapo siku folda ilipoundwa, haibadilishwi baadaye. Hapa pia njia salama ni kutoa data kwa `mysqldump` kule ilikotoka.

Umeme umekatika

Hii ndiyo hali inayowapata wengi wetu, na ndiyo inayozaa ushauri mbaya kuliko yote, hivyo nitakaa hapa.

InnoDB huhifadhi data katika kurasa za kilobaiti 16. Muamala unapothibitishwa, injini haikimbilii kuandika kila ukurasa uliobadilika mahali pake. Inaandika mabadiliko kwa ufupi kwenye logi ya redo, ile `ib_logfile0`, na kurasa zenyewe zinabaki RAM zikisubiri kuandikwa baadaye. Muuza duka hufanya vivyo hivyo: kila mauzo anayaandika haraka kwenye daftari la kaunta, jioni anayahamishia kwenye leja. Umeme ukikatika mchana, leja iko nyuma lakini daftari la kaunta lina kila kitu. InnoDB ikiwaka tena inalisoma daftari hilo, inarudia yale ambayo hayajafika kwenye kurasa, kisha kwa kutumia undo inaondoa miamala iliyokatika katikati.

Basi fikiria anayefuta `ib_logfile0` baada ya umeme kukatika. Amefuta malipo ambayo mteja ameshapewa risiti yake. Tena kurasa zinazobaki hazilingani, maana baadhi ziliandikwa na nyingine bado, na logi itaanza kulalamika kwamba namba ya mfuatano ya ukurasa iko mbele ya wakati.

Ushauri wa kufuta `ib_logfile0` ulitoka wapi? Kwenye MySQL 5.5 na kurudi nyuma, ukibadilisha `innodb_log_file_size`, InnoDB iligoma kwa sababu ukubwa wa faili haukulingana na mipangilio. Utaratibu ulikuwa kuzima seva vizuri, kuyahamisha mafaili hayo pembeni, na kuwasha. Ulikuwa utaratibu halali, kwa sababu seva iliyozimwa vizuri haina deni kwenye redo. Kuanzia 5.6.8 seva hubadilisha ukubwa yenyewe. Sababu ya ushauri ilikwisha, ushauri ukabaki, na lile sharti la kuzima vizuri likadondoka njiani.

Kwa hiyo umeme ukirudi, washa seva na uiache. Soma logi ikiendelea kwa `tail -f`. Utaona inarudia redo na asilimia zikipanda. Kwenye hifadhidata kubwa na diski ya polepole kazi hii huchukua muda mrefu, na kuiua katikati ni kuifanya ianze upya. Ukiona systemd inakata tamaa kabla injini haijamaliza, ongeza `TimeoutStartSec` kwenye mipangilio ya huduma.

Utaratibu huu wa redo umeundwa ustahimili umeme kukatika. Data inapoharibika licha ya hayo, kagua mambo mawili. La kwanza ni `innodb_doublewrite`: InnoDB huandika kila ukurasa mahali pa pembeni kwanza, ili umeme ukikatika ukurasa ukiwa nusu, nakala nzima iwepo. Kuna wanaoizima wapate kasi. La pili ni diski zinazoiambia kompyuta "nimeshaandika" wakati data bado iko kwenye kumbukumbu yao ya muda. Dhidi ya diski ya namna hiyo, injini haina kinga.

Kuiwasha kwa nguvu

Logi ikisema wazi kwamba kuna ukurasa ulioharibika, na seva inaanguka kila ikiufikia, una mpangilio mmoja wa kukusaidia: `innodb_force_recovery`. Huwekwa chini ya `[mysqld]` kwenye `my.cnf`, au `my.ini` kwa Windows, na una ngazi 1 mpaka 6.

Elewa lengo lake kabla hujaugusa. Hautengenezi chochote. Unaifanya InnoDB iwake huku ikiruka baadhi ya kazi zake, ili upate nafasi ya kutoa data nje.

Ngazi ya 1 hupita kurasa mbovu bila kuanguka. Ya 2 huzuia kazi za usafi zinazokimbia nyuma. Ya 3 huacha miamala iliyokatika bila kuirudisha nyuma. Mpaka hapo uko mahali salama kiasi: unachoweza kukosa ni kile kilichokuwa kwenye kurasa mbovu. Kuanzia 4 hali inabadilika. Ya 4 huruka mabadiliko ya faharasa yaliyokuwa yanasubiri kuunganishwa, ya 5 huihesabu miamala ambayo haikukamilika kana kwamba imekamilika, na ya 6 haiisomi redo kabisa. Ngazi hizi tatu zinaweza kuharibu data moja kwa moja, hivyo zitumike juu ya nakala tu, kamwe si juu ya folda halisi.

Anza na 1. Ikigoma, 2, kisha 3. Usiruke kwenda 6 kwa sababu umesoma mahali kwamba "6 huwa inakubali". Ikiwaka tu, toa data papo hapo:

`mysqldump --routines --events --databases duka > /mnt/nje/duka.sql`

Huenda ikakatika katikati, kwa kuwa imefika kwenye jedwali lenye ukurasa mbovu na seva ikaanguka. Usikate tamaa. Tuseme jedwali hilo ni `mauzo`. Washa tena, toa mengine yote kwa kuongeza `--ignore-table=duka.mauzo`. Ukishayaweka salama, lirudie `mauzo` kwa vipande:

`mysqldump duka mauzo --where="id < 40000" > mauzo1.sql`

Ikipita, panda. Ikianguka, shuka nusu. Kisha njoo kutoka upande wa pili, `id > 60000`, ukishuka vivyo hivyo mpaka uzibane rekodi mbovu katikati. Kazi hii inachosha, kwa maana seva itaanguka na utaiwasha mara nyingi, lakini mwisho wake unakuwa umeokoa jedwali zima kasoro rekodi chache, na unazijua namba zake. Rekodi hizo mhasibu anaweza kuziingiza upya kutoka kwenye risiti za karatasi.

Usisahau watumiaji na ruhusa zao. Toa `SHOW GRANTS` ya kila mmoja uiweke kwenye faili. Kisha zima seva, isogeze folda mbovu pembeni, tengeneza mpya kwa `mysqld --initialize --user=mysql`, au `mariadb-install-db --user=mysql` kwa MariaDB, ondoa mstari wa `innodb_force_recovery`, washa, na uingize ulichotoa.

Wapo wanaoiacha seva ikiendelea kwenye ngazi ya 1 kwa kuwa mfumo "umerudi". MySQL katika hali hiyo hukataa kuandika rekodi mpya, kwa hiyo keshokutwa utapigiwa simu. Na hata kama toleo lako linaruhusu, ukurasa mbovu bado umo mle ndani.

XAMPP

Kitufe kimeandikwa MySQL, lakini tangu mwaka 2015 XAMPP huja na MariaDB. Ujumbe wake kwamba MySQL imezimika bila kutarajiwa hauelezi sababu, kwa hiyo fungua `mysql_error.log`.

Ukikuta mistari ya InnoDB imepita vizuri na kosa linataja poti 3306, injini yako ni nzima. Kuna MySQL nyingine imewekwa kwenye kompyuta hiyo na imeishika poti.

Kosa linalowachanganya wengi ni la Aria, injini nyingine ya MariaDB ambayo seva huitumia kwa majedwali yake ya ndani. Logi itasema urejeshaji wa Aria umeshindwa, ukimbize `aria_chk -r` kwa majedwali ya Aria na ufute mafaili ya `aria_log` yenye namba. Ukishanakili folda, fanya hivyo: `aria_chk` iko kwenye `C:\xampp\mysql\bin`, na mafaili ya kutengeneza ni yale ya `.MAI` yaliyomo kwenye folda ya `mysql` ndani ya data. Hapa kufuta kunaruhusiwa, kwa sababu seva yenyewe imekuambia faili gani. InnoDB haihusiki kabisa, na ni huzuni kuona mtu akifuta `ibdata1` kwa sababu ya kosa la Aria.

Kuna njia maarufu ya kuchukua folda ya `backup` ya XAMPP na kuifanya `data` mpya, kisha kurudishia folda za hifadhidata zako. Inafanya kazi endapo utarudisha na `ibdata1` yako mwenyewe. Ile iliyomo kwenye `backup` ni tupu, ya siku XAMPP ilipowekwa, haiyajui majedwali yako. Hata ukiipatia, unakuwa umeiacha redo nyuma. Mimi naiweka mwisho, baada ya ngazi za 1 mpaka 3 kushindwa.

Kama ibdata1 imeshafutwa

Pengine unasoma haya umechelewa. Tangu 5.6.6, kila jedwali huwekwa kwenye faili lake la `.ibd`, hivyo rekodi zako huenda bado zipo. Kwenye seva mpya, unda jedwali lenye muundo uleule hasa, toa `ALTER TABLE mauzo DISCARD TABLESPACE`, weka faili la `.ibd` la zamani mahali pake likiwa la mtumiaji mysql, kisha `ALTER TABLE mauzo IMPORT TABLESPACE`. Onyo kuhusu faili la `.cfg` kukosekana lipuuze. Muundo ukiwa huukumbuki, MySQL 8 imeuhifadhi ndani ya `.ibd` lenyewe na `ibd2sdi` itakuonyesha. Kwa MariaDB umo kwenye `.frm`. Ni jedwali kwa jedwali, na si kila moja litakubali, hasa kama seva ilizimika ghafla.

Seva ikishawaka

Usiwakabidhi watumiaji mara moja. Kimbiza `mysqlcheck --all-databases`, kisha kaa na anayejua biashara mlinganishe risiti kumi za mwisho za karatasi na zilizomo kwenye mfumo. Mashine haiwezi kukuambia kwamba muamala wa jana jioni haupo. Karani wa mauzo anaweza.

Mfundishe anayefunga duka azime MySQL kwenye paneli kabla ya kuzima kompyuta, na UPS iwe na programu ya kuizima seva kabla betri haijaisha. Acha `innodb_flush_log_at_trx_commit` kwenye 1 palipo na pesa za watu. Ukiweka 0 au 2, umeme ukikatika unaweza kupoteza miamala ya takribani sekunde moja iliyopita.

Kisha chukua bekapu yako ya mwisho, leo hii kama unaweza, uiingize kwenye kompyuta nyingine kabisa na uhesabu rekodi zake. Kama haikubali kuingia, panga nyingine usiku huuhuu.